Mikono iko vizuri, ila mgonjwa akibadilika nashindwa kuunganisha dalili. Nisaidieni

MuuguziMpya: Shikamooni wakubwa. Nimeanza kazi wodi ya wazazi. Kuweka kanula, katheta, kuchoma sindano, hayo hayanisumbui. Shida ni hii: juzi usiku mama aliyejifungua kama saa mbili nyuma alianza kuhangaika kitandani na kuomba maji kila mara. Presha 110/70, mapigo 118. Presha ilionekana nzuri, lakini sikutulia, nikamwita mkunga wa zamu. Akafunua shuka, akashika tumbo, akasema, "Huyu anavuja." Akili ya namna hii inajengwaje?

SistaMkunga: Marahaba mdogo wangu. Kumwita ilikuwa sahihi kabisa. Sasa zirudie namba zako. Gawa mapigo 118 kwa presha ya juu 110, unapata zaidi ya 1. Kwa mzazi, ikifika 0.9 tu tunaanza kutafuta anapovuja damu. Mama kijana mwenye afya hubana mishipa na moyo hukimbia ili presha isishuke, kwa hiyo ukisubiri presha ianguke ameshapoteza damu nyingi. Kiu na kuhangaika navyo ni dalili za hilo hilo.

Yule mkunga wa zamu alijiuliza kwa nini moyo unakimbia, kisha akaenda panapovuja. Tumbo likiwa laini, ukande mfuko wa uzazi na uangalie kibofu, maana kikijaa mfuko haujikazi. Pitisha mkono chini ya makalio, damu hujikusanya huko huku pedi ya mbele inaonekana safi. Na mfuko ukiwa mgumu lakini damu bado inatoka? Hapo waza mchaniko wa njia ya uzazi.

KakaNesi: Naongezea pumzi. Fungua mafaili ya wodi yoyote, utakuta kila mgonjwa ameandikwa anapumua mara 20 kwa dakika. Haiwezekani! Hesabu dakika nzima ukitazama kifua. Mgonjwa anayeanza kuharibika mara nyingi hubadilika pumzi kwanza.

ZamuYaUsiku: Ushauri mzuri, ila wengine tuko peke yetu na wodi imejaa. Huo muda wa kufikiri unatoka wapi?

SistaMkunga: Ni kweli, na inaumiza. Ukipokea zamu anza na aliyebadilika tangu vipimo vilivyopita, halafu waliojifungua karibuni, hasa mapacha na waliokaa na uchungu muda mrefu. Linganisha namba ya sasa na yake ya mwanzo. Mapigo 100 ya mtu aliyekuwa na 72 si sawa na 100 ya aliyekuwa na 96.

MuuguziMpya: Asanteni sana. Na daktari nimwambieje ili asinipuuze?

SistaMkunga: Usiseme "mama hajisikii vizuri". Sema: "Daktari, mama wa kitanda cha nne, amejifungua saa mbili zilizopita. Mapigo yalikuwa 88, sasa 118, presha 110/70. Mfuko ni laini, damu inatoka. Nadhani anavuja kwa mfuko kutojikaza. Naomba uje sasa hivi." Wakati unapiga simu, mwenzako awe ameshaanza kukanda na kuandaa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko.