Skrini ya mguso ya laptopu ndogo (chipu ya mguso MSSL1680): kielekezi kimebanwa kona ya juu kushoto

mwalimu_kisumu:
Hamjambo wenzangu. Hapa Kisumu tuna laptopu ndogo 12 za maktaba: inchi 11, RAM GB 2, hifadhi ya eMMC GB 32, zile za kukunjwa hadi zishikwe kama tableti. Zote zina Debian 13 (aina ya Linux). Mwanzoni `dmesg`, yaani kumbukumbu za keneli (kiini cha Linux), ilisema `silead_ts i2c-MSSL1680:00: Firmware request error -2`. Nilitoa fimwea (programu ndogo ya ndani ya chipu) kwenye draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya Windows, nikaiweka `/lib/firmware/silead/mssl1680.fw`, na mguso ukaamka. Shida iliyobaki: kidole kikifika ukingo wa kulia, kielekezi kimefika asilimia 40 hivi ya upana. Kidole kikishuka, kielekezi kinapanda. Je, itabidi niandike draiva mpya? Na nifanyeje ili marekebisho yasipotee kila keneli inaposasishwa?

fundi_nakuru:
Mwalimu, usiandike draiva. `silead.c` iliyo ndani ya keneli inatosha. Kinachokosekana ni maelezo ya skrini yako: chipu hizi haziwezi kusema zenyewe ukubwa wake, na watengenezaji wa laptopu hizi za bei nafuu hawayaandiki kwenye ACPI (majedwali ya BIOS yanayoelezea mashine). Draiva isipoambiwa kitu, inachukulia kila mhimili unaishia 4095. Skrini yako ikitoa 1659 kwa upana, 1659 gawa kwa 4095 ni hiyo asilimia 40 unayoiona.

Anza kwa kupima. Endesha `sudo evtest` (huonyesha namba zinazotoka kwenye mguso), chagua silead_ts, kisha buruta kidole polepole hadi kipite ukingo, pande zote nne, mara tatu au nne kila upande. Andika namba kubwa kabisa ya `ABS_MT_POSITION_X` na ya `ABS_MT_POSITION_Y`. Ukubwa ni namba hiyo ukiongeza 1, kwa hiyo 1659 inakuwa 1660. Fanya hivyo kwa mashine mbili tatu, maana vioo vya kubadilishwa huwa havifanani.

Kabla ya kujenga keneli, jaribu kwa mstari wa amri wa keneli, yaani maagizo inayopewa inapowaka. Ndani ya `/etc/default/grub` (mipangilio ya GRUB, kianzisha mfumo), kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX, ongeza bila nafasi yoyote katikati:

`i2c_touchscreen_props=MSSL1680:touchscreen-size-x=1660:touchscreen-size-y=880:touchscreen-inverted-y`

Halafu `sudo update-grub`, uwashe upya. Keneli 6.12 ya Debian 13 inaielewa amri hii. 6.1 ya Debian 12 itaipuuza na hutaona badiliko lolote, kwa hiyo hakikisha kwa `uname -r`.

Weka ukubwa kwanza, ndipo ugeuze. Kugeuza ni kutoa: thamani mpya ni kikomo kutoa thamani ya zamani. Ukigeuza Y huku kikomo bado ni 4095, kielekezi kitahama kutoka juu na kwenda kubanwa chini, nawe utadhani umeharibu kitu kingine.

dada_wa_keneli:
Naongezea hapo kwa fundi, kwa sababu ndipo wengi wanapotea. Kama kidole kikienda kulia kielekezi kinashuka, utahitaji pia `touchscreen-swapped-x-y`. Keneli hugeuza mihimili KWANZA, kisha ndiyo huibadilishana. Kwa hiyo size-x, size-y na inverted zote zinahusu mihimili kama chipu inavyoitoa, si kama macho yako yanavyoiona. Ukiziandika kwa kufuata picha ya kwenye skrini, mhimili mmoja utakaa sawa na mwingine utapinda.

Na kwa kuwa mashine zenu zinakunjwa, funga kwanza mzunguko wa skrini wa kujiendesha. Kipima mwelekeo kikikosea, picha huzunguka na mguso huonekana umegeuka ilhali hauna kosa. Endesha `monitor-sensor` ukiwa umeiweka mezani: ikisema bottom-up wakati imekaa sawa, dawa yake ni ACCEL_MOUNT_MATRIX kwenye hwdb ya udev (hifadhidata ya vifaa). Usiirekebishe kwa kugeuza mguso.

mwalimu_kisumu:
Asanteni sana. Vipimo ni 1660 na 880 kwa mashine zote tatu nilizopima, na mstari wa grub umefanya kazi. Sasa nataka marekebisho yaingie kwenye keneli yenyewe. Ila `/sys/class/dmi/id/product_name` (DMI ni maelezo ya mashine yanayotoka kwenye BIOS) inasema "Default string".

fundi_nakuru:
Hiyo hutokea sana. Faili ya kuhariri ni `drivers/platform/x86/touchscreen_dmi.c`. Utaongeza orodha ya sifa, kisha kitambulisho cha mashine. Jina likiwa la jumla namna hiyo, usilitegemee peke yake, utawaharibia watu wenye laptopu nyingine kabisa. Changanya sys_vendor, board_name na bios_version au bios_date; nafasi ziko nne kwa kila mashine. DMI_MATCH huridhika na kipande cha neno, kwa hiyo tumia DMI_EXACT_MATCH panapohitajika.

Jenga kwenye kompyuta kubwa. GB 2 za RAM hazitoshi kwa raha, na eMMC itajaa. Usivute historia yote ya git kwa bando: faili ya tar.xz kutoka kernel.org ni kama MB 140. Kwenye laptopu ndogo chomeka kwanza flashi, kipanya na kila mnachotumia, ndipo uandike `lsmod > orodha` (orodha ya moduli, yaani vipande vya keneli vilivyopakiwa). Ipeleke kwenye kompyuta kubwa, kisha `make LSMOD=orodha localmodconfig`. Kisichokuwa kimepakiwa wakati huo kitaachwa nje. Zima maelezo ya dibagi (chagua DEBUG_INFO_NONE), la sivyo vifurushi vitavimba. Ukianza na konfigi (mipangilio ya keneli) ya Debian, SYSTEM_TRUSTED_KEYS iache tupu, vinginevyo ujenzi utakatika ukitafuta faili ya pem ambayo huna. Halafu `make -j4 bindeb-pkg`, itengeneze vifurushi vya Debian. TOUCHSCREEN_DMI si moduli, imo ndani ya keneli, kwa hiyo `rmmod` (kuondoa moduli) haitakusaidia: kila jaribio ni kuwasha upya. Secure Boot ikiwa imewashwa, keneli yako isiyo na saini itakataliwa. Mvua ya radi ya jioni hapo kando ya ziwa ikikata umeme katikati, amri ya `make` huendelea ilipoishia.

dada_wa_keneli:
Kiraka (faili ya mabadiliko yako) kikiwa tayari, kipitishe `scripts/checkpatch.pl`, weka Signed-off-by yenye jina lako, na `scripts/get_maintainer.pl` itakuonyesha wa kutumiwa. Tuma kwa `git send-email`. Barua ya HTML hukataliwa.

Fimwea usiiambatishe: ni mali ya mtengenezaji wa chipu, na bila ruhusa yake haiwezi kusambazwa. Mara nyingine nakala yake imo ndani ya UEFI (programu inayoiwasha mashine) ya mashine. Washa kwa `efi=debug`, nakili faili za `boot_services_code` zilizo chini ya `/sys/kernel/debug/efi/`, utafute baiti 8 za mwanzo za fimwea uliyonayo. Ukiipata, andika urefu na sha256 yake (alama ya kuitambua faili) kwenye ingizo lako la embedded_fw ndani ya `touchscreen_dmi.c`, na keneli itaichota yenyewe kwa mashine zote 12. Urefu lazima ugawanyike kwa 8, maana kila kipande ni anwani ya baiti 4 na thamani ya baiti 4. Usipogawanyika, umekata pasipostahili.