Kwa nini hedifoni za zamani za umemetuli zilihitaji kisanduku cha pembeni?

MpenziWaSanturi

Habari zenu wanajukwaa. Nimerithi hedifoni za umemetuli aina ya Stax SR-Lambda, zile za umbo la mstatili zilizotoka mwaka 1979, lakini zimenifikia bila kisanduku chake. Plagi yake ina pini sita na haiingii popote kwenye vifaa nilivyo navyo. Kabla sijaanza kutafuta kisanduku ningependa kuelewa mambo mawili. Hedifoni za kawaida zilikuwa zimekwisha kuzoeleka majumbani na zilichomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya. Kwa nini basi watengenezaji wa hizi waliona ni sawa kumbebesha msikilizaji kifaa cha ziada, na je, hakuna aliyejaribu kukiondoa? Pili, naona amplifaya nyingi za sasa za hedifoni hizi hutoa volti 580. Je, nitafute mojawapo?

FundiKoili

Ndugu MpenziWaSanturi, kwa maoni yangu historia ya hedifoni hizi ni historia ya volti kuliko ilivyo historia ya kile kinachokaa sikioni. Ndani yake hamna koili wala sumaku kama zilizomo kwenye hedifoni za kawaida. Kuna utando wa plastiki wenye unene wa mikroni chache tu, uliowambwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando hupewa chaji ya kudumu, na mawimbi ya muziki hupelekwa kwenye mabamba hayo kwa namna ya kupingana, hivyo bamba moja linapovuta utando, jingine linausukuma. Nguvu huenea juu ya eneo lote la utando kwa wakati mmoja badala ya kuanzia pale koili iliponatishwa, na ndiyo sababu wengi wetu husifu jinsi nyuzi na matoazi yanavyosikika humo. Lakini nguvu hiyo ni ndogo mno mpaka uipe mamia ya volti, na amplifaya ya nyumbani haitoi kiasi hicho.

Chaji ya kudumu nayo haikwepeki. Bila hiyo, utando ungevutwa na bamba lolote lenye volti, iwe chanya au hasi, na sauti ingetoka ikiwa na masafa maradufu ya yale yaliyoingia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Edward Kellogg wa General Electric alipata hataza ya spika ya namna hii mwaka 1934. Kilichokosekana ni utando unaofaa na hesabu sahihi. Plastiki ya poliesta ilileta utando mwembamba usiokatika ovyo, na mwaka 1954 mwanafizikia F. V. Hunt alieleza katika kitabu chake kwamba chaji ikizuiwa isihamehame juu ya utando, nguvu hufuata mawimbi ya muziki kwa uwiano ulionyooka. Ndiyo maana utando hupakwa dawa yenye ukinzani mkubwa sana badala ya chuma kinachopitisha umeme kwa urahisi. Peter Walker wa Uingereza alilithibitisha jambo hilo majumbani kwa spika yake ya Quad ESL ya mwaka 1957, ambayo ilihitaji maelfu ya volti. Hedifoni huwa karibu na sikio, hivyo mamia yanatosha. Stax ya Japani ilionyesha SR-1 jijini Tokyo mwaka 1959 na kuanza kuiuza mwaka uliofuata, ikiwa pamoja na kisanduku chake.

Kisanduku hicho kilikuwa njia ya mkato yenye busara. Kiliungwa kwenye vituo vya spika vya amplifaya ambayo mtu alikuwa nayo tayari. Transfoma zilipandisha volti za muziki, na saketi ndogo ikatoa ile volti ya kudumu.

MsikilizajiWaUsiku

Nakubaliana na FundiKoili kuhusu volti, ila sidhani kwamba watengenezaji wote walikiona kisanduku kuwa busara. Koss ya Marekani ilitoa ESP-6 mwaka 1968 ikiwa na transfoma ndani ya vikombe vya masikio, na hata volti ya kudumu ilivunwa kutoka kwenye muziki wenyewe. Kwenye karatasi hilo ndilo jibu kamili la swali lako. Kichwani ni mzigo, na shingo ndiyo iliyolipa gharama. ESP-9 iliyofuata ilirudisha vifaa hivyo nje, kwenye sanduku.

Jaribio la pili lilikuwa elektreti, yaani plastiki inayohifadhi chaji yake yenyewe kwa miaka. Gerhard Sessler na James West waliitengenezea maikrofoni katika maabara ya Bell Labs huko Marekani mwaka 1962, na katika miaka ya 1970 kampuni nyingi ziliitumia kwenye hedifoni. AKG walifika mbali zaidi kwa K340, iliyochanganya elektreti na koili ya kawaida na kuchomekwa kwenye tundu la kawaida la hedifoni. Hata hivyo elektreti huondoa nusu tu ya tatizo: chaji ya kudumu haihitajiki tena kutoka nje, lakini muziki bado lazima upandishwe volti. Aidha, chaji hiyo huweza kupungua kwa joto na unyevu, na ikipungua hakuna swichi ya kuirudisha.

Mwaka 1991 Sennheiser walienda upande wa pili kabisa. Seti ya Orpheus, iliyotengenezwa kwa idadi ya takriban 300, iliacha kukificha kisanduku na kukifanya amplifaya kubwa ya valvu (mirija ya utupu) inayoendesha hedifoni moja kwa moja bila transfoma ya kupandisha. Binafsi naona huo ndio uamuzi uliokuwa mkweli kuliko yote.

PiniYaSita

Kuhusu swali la pili: hapana, usizitie volti 580. Hizo 580 ni volti za chaji ya kudumu ya utando, na SR-Lambda ya mwanzo ilitengenezwa kwa volti 230, na nafasi kati ya utando na bamba ni takriban milimita 0.3. Lambda Pro ya mwaka 1982 ndiyo iliyoleta volti 580, nafasi ikaongezwa hadi milimita 0.5, na plagi ikawa ya pini tano. Tofauti ya pini iliwekwa makusudi: plagi yako haiingii kwenye tundu la Pro kwa sababu ya ile pini ya katikati, na wapo wanaoshauri ikatwe. Usiwasikilize. Kinyume chake hakina madhara, kwani hedifoni za Pro kwenye tundu la volti 230 hupungua sauti tu.

Tafuta kisanduku cha Stax kiitwacho SRD-7 ya kawaida, isiyoandikwa Pro, ambayo huchukua umeme wa ukutani, au SRD-6 isiyohitaji umeme huo. Ukishaipata, iache ikiwa imewashwa kwa saa kadhaa kabla ya kuihukumu, maana hedifoni zilizolala muda mrefu huchelewa kushika chaji. Upande mmoja ukiwa hafifu, zivae kinyume. Udhaifu ukibaki kwenye sikio lilelile, tafuta daktari wa masikio. Ukihama, badilishana nyaya za kushoto na kulia za kisanduku ili ujue kama kosa liko huko au kwenye hedifoni.

MpenziWaSanturi

Nashukuru sana. Je, volti 230 karibu na sikio si hatari?

FundiKoili

Volti ya kudumu hupita kwenye ukinzani wa mamilioni ya omu, hivyo mkondo unaoweza kutoka ni mdogo sana. Hatari halisi iko ndani ya kisanduku, kwenye umeme wa ukutani na kapasita, na pia kwenye waya uliochubuka, kwa kuwa mabamba hubeba volti za muziki zisizo na ukinzani huo. Kagua waya wote kabla ya kuunganisha, na usifungue kisanduku kabla hujakichomoa na kukipa muda kapasita ziishiwe chaji.