Malta: Alfajiri natandika vitanda vya ufukweni, siku yangu ya mapumziko nafukuzwa hapo hapo

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka.

Kila wiki humu hakosekani mtu anayeuliza "vipi Malta, kazi zipo?" Zipo. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimetua hapa Julai 2023, na kiangazi chote kazi yangu ni kutandika vitanda vya kuota jua na kufungua miavuli kwenye ghuba moja ya kaskazini. Ghuba siitaji, bosi simtaji, maana kibali changu kimefungwa kwenye jina lake.

Asiyeijua Malta, nchi ya visiwa kusini mwa Ulaya, ashike hili tu. Visiwa vyote ukivijumlisha unapata kilomita za mraba 316, yaani kama theluthi ya Pemba. Wakazi ni zaidi ya 550,000. Mwaka 2024 waliingia watalii zaidi ya milioni 3.5. Na pwani yenyewe sehemu kubwa ni mawe. Mchanga wa maana uko kwenye ghuba chache, nyingi za huku kaskazini, na wote hao Julai na Agosti wanautaka huo huo.

Sasa sikieni mchezo unavyochezwa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tushafika, Mnepali mmoja, Wahindi wawili na mimi. Kwanza tunakwangua mwani mkavu ulioletwa na maji usiku, tunaurundika kwenye kona ya mawe karibu na mapipa ya taka. Hiyo kona ikumbukeni. Kisha tunafungua mnyororo, tunaanza kuburuta vitanda viwili viwili. Mnepali ndiye mhesabuji, na kwa kunitania anahesabu Kimalta: sitta, sebgħa... Siku ya kwanza nilishtuka, nikadhani kaishi Tanga huyu. Lugha yao ina Kiarabu tele, bahari wanaiita baħar na Alhamisi ni il-Ħamis. Basi utamu wote wa kazi umeishia hapo.

Safu ya kwanza tunaiweka karibu na maji mpaka wimbi likizidi kidogo linalowesha miguu ya kitanda. Inafuata ya pili, ya tatu, hadi ukutani. Saa mbili asubuhi ufukwe umejaa pomoni na hakuna hata binadamu mmoja. Vitanda vitupu! Vitanda viwili na mwavuli ni euro 30. Mama anakuja na watoto watatu, ndoo na taulo zao mkononi, anazunguka akitafuta mchanga wa kukalia, haupo. Ama alipe, ama ageuze. Bosi anakodisha vitanda, lakini anachouza hasa ni mchanga, na mchanga si wake. Sheria ya huku imeshasema tangu 2016 kwamba ufukwe ni mali ya umma. Makaratasi yapo, ila alfajiri makaratasi yanakuwa bado yamelala.

Kilichonileta hapa kimetokea Jumapili. Mzee wa Kimalta, umri wa babu yangu, kaja na mkewe, viti vyao vya kukunja na chupa ya chai. Wakakuta upenyo kati ya safu ya kwanza na ya pili, wakakaa. Hawakugusa kitanda cha mtu. Bosi yuko kibandani, feni inampuliza, akanipigia simu, hatua ishirini tu kutoka nilipo: "Waambie wasogee." Nikaenda. Shikamoo yenyewe sikuwa na namna ya kumpa, nikabaki na "sir, please". Mzee hakugomba. Aliniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama najua kwamba mama yake alimfundisha kuogelea pale pale niliposimama. Nitajibu nini mimi? Nikainamisha kichwa.

Kijana wa pembeni akadakia kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba wageni tumewajazia kisiwa na sasa tunawafukuza ufukweni kwao. Nirudi nilikotoka.

Hapo ndipo naumia, wakuu. Mwenye pesa hauoni uso wake. Anayesogeza wazee ni Mwafrika, anayewaambia wenyeji "hapa pa kulipia" ni Mhindi, na matusi tunayabeba sisi kwa mshahara wa kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 221 na senti 78 kwa wiki. Kijana yule angenyoosha kidole kibandani ningempigia makofi.

Juzi nikawa na mapumziko. Nikafunga chapati zangu, nikachukua taulo, nikaenda ghuba ile ile, maana ni ya karibu na mabasi mengine kiangazi yanapita kituoni yamejaa, hayasimami. Nikatandika taulo kwenye kipande cha mchanga ambacho mikono yangu yenyewe ndiyo inakikwangua. Dakika kumi hazikufika, kijana mpya, hata simjui, kaja: "Sir, please." Nikaishia kwenye ile kona, mimi, mapipa na mwani wangu wa asubuhi unanuka.

Wenyeji nao wamechoka, msidhani wanakenua tu. Mwaka 2022 wanaharakati wa Moviment Graffitti walivuka hadi Comino, kisiwa cha kilomita za mraba 3.5 tu, wakaviondoa vitanda na miavuli iliyoifunika Blue Lagoon, ghuba yake maarufu. Mwaka 2025 serikali ikaleta utaratibu wa kujiandikisha kabla ya kwenda, mwisho watu 4,000 kwa wakati mmoja. Elfu nne kwenye kidimbwi kile, na hiyo ndiyo nafuu!

Najua kuna mtu ataandika "utalii ndio unaokulisha, nyamaza." Unanilisha, ndiyo. Unamlisha na mwenye nyumba wangu, ambaye kashatuambia watu saba tunaolala vyumba viwili kwamba mkataba ukiisha anaigeuza nyumba ya wageni wa wiki wiki. Mwezi ule nilipofika joto lilipanda mpaka nyaya za umeme zikawa zinafeli, tukalala gizani tunatiririka jasho huku jenereta ya hoteli ya mtaa wa pili inanguruma na bwawa lao limewashwa taa za bluu. Kwa hiyo kulishwa nakujua.

Naomba kujua kwa waliopo Cyprus, Ugiriki au Mallorca: huko anayepewa kazi ya kuwafukuza wenyeji ni nani? Na nyie wa Nungwi na Paje msinicheke, najua mnayo ya kwenu, yaleteni.

Wa kuniulizia nafasi kwa ujumbe wa faragha (PM) nitawajibu, ila uliza kodi ya kitanda kabla hujauliza mshahara. Naweka simu chini, kengele yangu ni ya saa kumi na robo.