Mjadala: Algorithimu ibaki somo la lazima vyuoni, au wanafunzi waende moja kwa moja kutengeneza programu?

Wadau, kuna wanaosema hapa Dar kwamba somo la algorithimu, yaani hatua za kufuata ili kompyuta itatue tatizo, linawapotezea muda wanafunzi wa kompyuta. Hoja yao: mwajiri wa Posta au Masaki haulizi uthibitisho wa hesabu, anataka programu ya simu inayofanya kazi, na kazi kama kupanga majina kwa alfabeti imeshaandikwa tayari ndani ya lugha za programu. Hilo la mwisho nakubali kabisa. Hakuna haja ya mtu kuandika upya kilichokwisha andikwa vizuri.

Ninachokataa ni hitimisho lao. Chukueni kijana anayetengeneza programu ya kusambaza mizigo ya Kariakoo kwa bodaboda. Anatafuta njia fupi kuliko zote ya kuwapitia wateja, basi anaiamuru kompyuta ijaribu kila mpangilio. Wateja 5 ni mipangilio 120 tu, kwa hiyo siku ya kumwonyesha mwekezaji mambo yanakwenda vizuri. Wateja 10 ni 3,628,800, bado inawezekana. Wakifika 15, mipangilio inapita trilioni 1.3. Mashine inayokagua milioni 100 kwa sekunde itahitaji zaidi ya saa 3 na nusu, na mzigo wa Mbagala haujatoka dukani. Kwa wateja 20 ni zaidi ya miaka 700!

Atakodi seva, yaani kompyuta kubwa, yenye kasi mara 10. Haitoshi hata kumwongeza mteja mmoja, maana kutoka 15 kwenda 16 kazi inazidishwa mara 16. Pesa haiwezi kumwokoa hapa. Kinachomwokoa ni mbinu iliyochapishwa mwaka 1962, na mwanahisabati Bellman kwa upande wake, na watafiti Held na Karp kwa upande wao: hifadhi majibu ya safari za wateja wachache, usiyakokotoe tena. Wateja 20 wanamalizwa kwa hatua kama milioni 420, yaani sekunde chache kwenye mashine ileile ya mwanzo, na njia inayopatikana ndiyo fupi kweli.

Kwenye ufundishaji wapinzani wangu wana hoja. Watu wanakariri desa, mtihani ukipita na somo limepita. Mwanafunzi aandike mbinu zote mbili, azipime kwa saa, aone ya kwanza inavyokwama kwenye laptop yake mwenyewe.

Sasa mnaotaka somo liondolewe, nijibuni: kijana huyu ajifunzie wapi kuhesabu hatua za programu yake kabla hajapata mteja wa 15?