Kwa nini mto unaovukwa kwa miguu asubuhi huua watu usiku?

Muuza nafaka, Mbale

Habari zenu, ndugu. Duka langu liko karibu na mto Nabuyonga, ambao siku za kawaida watoto huuvuka bila kulowesha magoti. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, Nabuyonga na Namatala ilipofurika na watu zaidi ya 20 kupoteza maisha huku kwetu mashariki mwa Uganda, maji yalifika rafu ya pili ya duka, na hadi leo mstari wa tope unajitokeza ukutani ingawa nimepaka rangi mara mbili. Niliwahi kuokoa magunia matatu tu. Mvua kubwa tumezizoea tangu utotoni, kwa hiyo naomba mwenye ujuzi anieleze: kasi ile hutoka wapi?

Mwalimu wa jiografia, Kasese

Pole sana, dada. Jibu liko mlimani. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Basi milimita 50 zikinyesha juu ya kilomita 10 tu za mraba, hayo ni matangi laki tano ya lita elfu moja moja. Katika nchi tambarare maji hayo hutawanyika na kunywewa na ardhi kwa siku kadhaa, lakini kwenye miteremko mikali ya mlima Elgon ulio juu yenu, au ya milima ya Rwenzori huku kwetu magharibi, hasa penye udongo ulioloa tayari au uliovuliwa miti, sehemu kubwa huteremka kwa pamoja na kukutana katika bonde moja jembamba, na bonde hilo ndilo linalopita mjini kwenu.

Hata hivyo, maji peke yake hayaelezi yote. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulipoharibu Kilembe na Kasese, waliochunguza hawakuitaja mvua peke yake: uoto wa juu ulikuwa umeungua kabla ya hapo, na maporomoko ya udongo yaliumwagia mto mawe na magogo. Mto uliobeba mzigo huo hupiga kama nyundo. Zaidi ya hayo, mawe hubaki na kuinua sakafu ya mto, hivyo mafuriko yanayofuata hayahitaji maji mengi kama ya kwanza ili kutoka nje ya kingo. Mei 2020 Nyamwamba ulirudi na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Nimesimama pale baada ya maji kupungua: jiwe lenye ukubwa wa gari lilikuwa limekaa mahali palipokuwa na bustani ya mboga. Vivyo hivyo, Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, tarehe 11 Oktoba 2018, watu zaidi ya 40 walikufa baada ya maporomoko kuingia mtoni na tope na mawe kushuka hadi vijijini.

Fundi ujenzi, Kampala

Mwalimu ameeleza vizuri, ila sisi wa Kampala hatuna mlima wa kusingizia. Tarehe 26 Machi 2025 watu 7 walikufa hapa kwa mvua iliyonyesha juu ya mabati, lami na saruji, ikakuta mitaro imezibwa na taka na maeneo oevu kama Lubigi yamefukiwa. Siwalaumu wanaojenga bondeni, kwa kuwa kiwanja cha huko ndicho wanachokimudu. Ninaowalaumu ni wanaowauzia wakijua.

Tena, tafadhali, tusivuke maji yanayokimbia. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kulielesha gari dogo, na bodaboda haina uzito wa kushindana nayo.

Muuza nafaka, Mbale

Asanteni sana. Sasa naelewa kwa nini usiku ule, kabla maji hayajafika, nilisikia mngurumo wa chini kwa chini nikadhani ni lori. Mwalimu, je, kuna dalili nyingine?

Mwalimu wa jiografia, Kasese

Zipo. Mto ukigeuka ghafla kuwa wa tope zito, au ukaleta matawi mabichi, ondokeni. Na ukipungua ghafla huku mvua ikiendelea mlimani, msifurahi: huenda umezibwa huko juu, na kizibo kikiachia, yote hushuka kwa pamoja. Msifuate barabara ya kandokando ya mto. Pandeni upande wa kilima ulio imara.

Muuza nafaka, Mbale

Shemeji yangu analima Wanale, kilima kilicho juu ya mji wetu. Nimempigia simu leo, amekubali kunijulisha kila mvua inapokuwa nzito huko, hata iwe saa nane za usiku.