Naomba ushauri: bunduki ya upepo na darubini kwa panya na kuchakuro wa bustanini, Uingereza

Wakuu, heshima kwenu. Bustani ipo Uingereza, shabaha ziko mita 8 hadi 25. Wasumbufu ni panya wa kwenye mbolea na kuchakuro wa kijivu wanaofukua mbegu. Kisheria, kwa England na Wales, bila leseni nguvu isizidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16, na risasi isivuke mpaka wa kiwanja.

Kwanza, springi au hewa iliyojazwa? Ya springi haihitaji pampu wala mtungi, lakini pistoni huirusha nyuma kisha mbele, na huo mtikisiko wa pili ndio unaovunja vioo vya darubini dhaifu na kutelezesha vishikizo vyake. Ya hewa iliyojazwa hutulia mkononi, ila gharama ya kujazia inaniogopesha.

Pili, kipenyo cha risasi inchi .177 au .22? Naelemea .177 kwa kuwa njia yake imenyooka zaidi, na mnyama anatakiwa kupigwa kichwani afe papo hapo. Kumjeruhi tu sikubali.

Darubini nafikiria 3-9x40 (hukuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40), lakini nyingi zimepangwa kwa mita 90 na zaidi, kwa hiyo mita 8 picha ina ukungu. Je, yenye kurekebisha umbali kuanzia mita 9 inatosha? Ikikaa sentimita 4 juu ya mtutu na kurekebishwa ipige sawasawa pale mita 25, pale mita 8 risasi hupiga chini kama sentimita 1.5. Mnafidia vipi usiku?