Naomba ushauri: lori likiwasha indiketa ya kulia, linakata kona au linanizuia nisiovateki?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina leseni mwezi wa tatu sasa, juzi nilikuwa natoka Dar kwenda Moro, semi ya mbele ikawasha indiketa ya kushoto nikajua inaingia pembeni kumbe dereva ananiambia pita kweupe. Baadaye lingine likawasha ya kulia nikabaki nyuma nikidhani kuna gari inakuja, kumbe kweli anakata kuingia sheli, ningeovateki pale tungeongea mengine. Chuoni tulifundishwa ni ya kukata kona na kuhama leni tu. Nimemuuliza shemeji yangu dereva, anasema utazoea. Sasa nitatofautishaje? Na nikiwashiwa ya kushoto, niamini moja kwa moja?